Nilivyoitikia jina la "Salongo" Mbarara, bibi yangu akaanza kutafuta mapacha wangu

Wakuu, amani kwenu wote, wakubwa na wadogo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nacheka shida za wenzangu, naweka like, napita. Leo zamu yangu imefika.

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kidogo kuliko hii niliyopata.

Mnivumilie Kiswahili. Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi huku Uganda, settlement ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Misiera. Kiswahili changu kiko na "fasi" (yaani mahali) na "mingi" ndani yake, na Uganda imekiongezea kachumbari. Ndugu zangu wa Dar na Mombasa mnaopenda kusahihisha watu, leo wekeni kalamu chini. Neno moja tu limeshanisahihisha vya kutosha. Karibu linitoe kwenye ndoa.

Sasa tulieni.

Tuna kibanda cha mboga Misiera na kashamba upande wa Kashojwa. Mimi nalima, bibi yangu, yaani mke wangu, Mama Furaha, anauza. Watoto ni wawili. Furaha ndiye mkubwa, ameanza kukaribia urefu wa mama yake. Josué ndiye mdogo, bado meno ya mbele yanadondoka.

Shamba lilikuwa limechoka. Kitunguu unapanda kitunguu, unavuna kitu kama kitunguu saumu. Wateja wakaanza kunitania, "Papa Furaha, hii unauza ama unaonyesha tu?"

Ndipo ndugu Elie, rafiki yangu wa kanisa anayeishi Mbarara mjini, akanipigia simu. Akasema jiji limeanzisha mpango. Kila mwezi kuna Jumamosi ya usafi, wakaaji wanatoka na fagio na majembe, wanafagia barabara na kuzibua mifereji. Wanaojitokeza wanaundiwa kikundi. Jiji linawapa kiwanja upande wa Kamukuzi, linawaletea uchafu wa masoko, maganda ya matoke, makabichi yaliyooza, na mwalimu wa kuwafundisha kugeuza ule uchafu kuwa mboji. Mboji ikiiva mnagawana. Bure.

Wakuu, takataka za bure! Mimi tena? Nilivaa gumboots saa ileile.

Bibi akanipa baraka zote. Akasema atabeba kibanda peke yake zile siku nikiwa Mbarara, mradi vitunguu virudi kuwa vitunguu. Nikawa naenda Ijumaa, nalala kwa Elie, Jumamosi nafanya kazi, jioni narudi.

Sasa kwa wasiojua. Kwetu Kongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa tunaiita salongo. Chifu anapiga filimbi, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Na usifikiri watu wanaipenda. Salongo ni kitu mtu anakimbia. Marehemu baba yangu siku ya salongo alikuwa anashikwa na homa asubuhi, mchana inapona yenyewe bila dawa.

Kwa hiyo nilipofika Kamukuzi siku ya kwanza, nikakuta kundi la watu na mafagio, nilijua kabisa niko fasi gani.

Aliyekuwa mbele ni mama mmoja anaitwa Mama Brian. Ni bibi ya mwanajeshi, wanakaa kwenye kambi ya jeshi pale Mbarara. Mwenyewe ni Muganda, mwili upo, sauti ipo, na Kiswahili chake ni kile cha barracks ambacho kila kitu ni "iko".

Akaniuliza, "Wewe iko nani? Nakuja kufanya nini?"

Nikanyanyua fagio juu, nikajipiga kifua, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyejitolea, "Salongo, mama! Salongo!"

Mama Brian akaangusha panga la kufyekea.

"Banange! Salongo nakuja! Leta kiti kwa Salongo!"

Kiti kikaletwa. Soda ikaletwa. Wamama wakaja kunipa mkono mmoja mmoja, wengine wanapiga goti kidogo. Mimi nimekaa, fagio katikati ya miguu, nawaza: kweli Uganda wameendelea. Kwetu ukichelewa salongo unapigwa faini, hapa ukifika tu unapewa Fanta.

Halafu maswali yakaanza. Naomba myasome vizuri, halafu mniambie nilikosea wapi.

"Salongo, wale wawili iko sawa?"

Nikajua Elie ameshawaeleza habari za watoto wangu. "Wako sawa, mama, asante."

"Iko wasichana ama vijana?"

"Mmoja musichana, mmoja kijana."

"Wuuu! Nani natoka mbele?"

"Musichana ndiye alitoka mbele. Kijana akafuata."

Vigelegele. Wakuu, mbele ya mahakama yoyote duniani hayo majibu yangesimama. Hakuna hata moja la uongo.

Wakaanza na wimbo. Wamama wanaimba kwa Luganda, wanazungusha viuno, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikajua ni wimbo wa kazi. Mimi ni mtu wa kwaya, nikishika kiitikio hauninyang'anyi. Nikasimama, nikacheza na fagio, nikaitikia kwa sauti ya tenor.

Maana ya ule wimbo niliijua baadaye. Siwezi kuiandika hapa, moderator atanifungia. Niseme tu kwamba mchungaji wangu akijua niliuimba, na nilivyouimba kwa bidii, nitatolewa kwaya na watanitafutia maombi ya mlimani.

Basi akaja afisa wa jiji anayesimamia mpango. Nikamwambia ukweli, mimi ni mkimbizi, si mkaaji wa jiji. Nilifikiri atanifukuza. Akacheka, akasema, "Ssebo, takataka hapana uliza mtu kitambulisho. Shika koleo." Nikampenda yule mzee palepale. Alitufundisha kupanga maganda na majani makavu, kumwagia maji, na kuingiza mkono ndani kupima joto.

Nikarudi Misiera kifua mbele. Nikamwambia Mama Furaha, "Huko Mbarara wananiita Salongo."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Wamekuita Fagio! Na umefurahi!"

Kweli nilifurahi. Jina lilinipanda kichwani, sifichi. Nilianza kutembea polepole kama mtu mwenye mali. Siku moja mtu wa kikundi aliniita "Congolese", nikamrekebisha bila aibu: "Ndugu, mimi naitwa Salongo." Akaniomba radhi!

Miezi ikapita, mboji ikaiva, nikapanda basi na magunia yangu yananuka watu wanageuza uso. Siku moja wamama wakanipa na zawadi: sweta mbili za njano zinazofanana, saizi moja.

Nyumbani tukawavalisha watoto. Furaha mikono ikamuishia kwenye viwiko. Josué akapotelea ndani, ukawa unaona pua tu.

Mama Furaha akasema, "Mutu aliyenunua hii hajawahi kuona batoto betu."

Nikamjibu, "Zawadi haichaguliwi." Nikaenda kulala usingizi mzuri. Mjinga hana usingizi mbaya.

Sasa siku ya siku.

Mama Brian akaja Misiera kununua vitenge. Akakumbuka kwamba Salongo anaishi huku, akauliza watu, wakamwelekeza. Mimi niko nyuma ya kibanda nachuma dodo, mchicha wa huku, nasikia sauti tu; maneno yenyewe nilisimuliwa baadaye.

"Nyabo, hapa nyumba ya Salongo?"

Bibi yangu akacheka, "Ndiyo, huyo Fagio ni wa hapa. Karibu ukae."

"Mimi naleta zawadi ya mapacha."

"Mapacha gani?"

"Mapacha ya Salongo! Yeye mwenyewe nasema: msichana natoka mbele, kijana nafuata. Sweta iko fiti kwa wao? Wewe iko nani, dada yake?"

"Mimi ni bibi yake. Na sijazaa mapacha."

Mama Brian akamwangalia juu mpaka chini.

Mama Brian ni mwanamke wa kambi, ameona mengi. Akasimama. "Aaa," akasema polepole. "Basi ile ya Mbarara iko mwingine. Pole, nyabo. Mimi hapana sema kitu." Akaweka kifurushi mezani, akapanda boda, huyoo.

Na mimi ndiyo nikatokea sasa, dodo mkononi, meno yote nje. "Mama Brian yuko wapi? Nimesikia ananiita!"

Bibi yangu aliniangalia. Akatoka mpaka kwa vijana wa boda wa Kiganda pale barabarani, akawauliza, "Kwenu Salongo ni nani?"

Wakajibu kwa pamoja, hawakuwaza hata: "Ni baba ya mapacha, nyabo."

Wakuu, dodo zilinidondoka.

Nikaanza kujitetea. "Mama Furaha, si nilikueleza? Salongo ni kufagia! Hata wewe unajua!"

"Kumbe njo vile ulinicheka," akasema. "Umekuja ku nyumba yangu na jina ya batoto bako ba inje, ukaniacha niseme ni ya fagio, na miye nikacheka pamoja nawe."

Akaleta zile sweta. Saizi moja. Halafu akanikumbusha kwamba tulipokuwa wageni Uganda nilikaa Mbarara miezi kadhaa nikibeba matofali kwenye ujenzi. Na kwamba kila safari nalala huko. Kila kitu kilikaa fasi yake vizuri sana. Alivyopanga, hata mimi mwenyewe nilianza kujitilia shaka.

Nikaapa kwa Biblia. Nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo.

Nikampigia simu Mama Brian, nikaweka sauti kubwa bibi asikie. "Mama Brian, mwambie bibi yangu sina mapacha!"

Akajibu kwa sauti ya mtu anayekusaidia, "Ndiyo, Salongo, ndiyo. Hakuna mapacha. Mimi hapana jua kitu. Mimi bibi ya soldier, mdomo yangu iko na kufuli."

Simu ikakatwa.

Nikakimbilia kwa mchungaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika kichwa, akaomba Mungu anipe roho ya kutubu na awalinde "wale watoto wasio na hatia kule Mbarara". Nikaitikia amina. Ningefanya nini?

Lakini hayo yote ni mchezo, wakuu. Kilichoniua ni kimya cha Mama Furaha. Huyu mwanamke akinigombeza najua nyumba iko salama. Safari hii hakugombeza. Anapika, anapakua, ananiwekea maji ya kuoga, hasemi. Niliogopa. Tulitoka Kongo pamoja kwa miguu, mtoto mgongoni, na sikuwahi kuogopa vile. Nilijua siku moja nitarudi shambani nikute amewachukua watoto amekwenda kwa kaka yake, na sitakuwa hata na kosa la kuombea msamaha.

Siku moja akafungua mdomo. "Jumamosi tunaenda wote Mbarara. Utanionyesha hao batoto."

"Mama Furaha, nitakuonyeshaje na hawako?"

"Basi utanionyesha kwamba hawako."

Jaribuni nyinyi, wakuu, kumuonyesha mtu kitu ambacho hakiko.

Tukafika Kamukuzi. Wale wamama kumuona tu, wakaacha mafagio. "Nalongo! Nalongo nakuja!" Vigelegele, wanamkumbatia, wanatafuta kiti. Nalongo ndiye mama wa mapacha, hilo nilikuwa nimeshalijua kwa machozi. Mama Brian anawafanyia alama nyuma ya mgongo wa bibi yangu, nyamazeni, nyamazeni, siye huyu! Wanazidi kupiga vigelegele.

Nikaona maji yamezidi unga. Nikatafuta fasi ya juu ili kila mtu anione. Iliyokuwa karibu ni lundo la mboji, nikalipanda.

Lile lundo lilikuwa la juzi. Nikazama mpaka magotini, na mboji mbichi ina joto, afisa alitufundisha vizuri.

"Sikilizeni!" nikapiga kelele. "Mimi si Salongo! Kwetu Kongo salongo ni hii!" Nikachukua fagio, nikaanza kufagia hewa, huku na huku. "Ni kazi! Ni usafi! Siku ile nilisema nimekuja kufagia! Sina mapacha! Nina fagio!"

Mama Brian akaweka mikono kiunoni. "Na ile siku nasema msichana natoka mbele?"

"Ni mkubwa wake! Alitoka mbele miaka mingi!"

Mama Brian akafunga mdomo. Akafungua. Halafu kikamtoka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka kambini. Akawatafsiria kwa Luganda, wakacheka. Mwingine akatafsiri kwa Runyankore, waliobaki wakacheka. Nimechekwa kwa lugha tatu, wakuu, nikiwa nimekwama kwenye maganda ya matoke. Afisa wa jiji alikaa ndani ya toroli akifuta macho. Bibi mmoja mzee akaomba nirudie ule wimbo wa matusi wanaowaimbia wenye mapacha, maana sasa ndiyo ameelewa kwa nini niliuimba bila haya.

Mama Furaha peke yake hakucheka. Alinisaidia kutoka, akanishika mkono, akauachia. Akachukua reki, akafanya kazi na wenzake mpaka mchana.

Jioni tuko njiani kurudi, mimi nimeshakuwa na nguvu. Nikamuuliza, "Sasa umeamini?"

"Nimeamini."

"Basi cheka kidogo, mama. Dunia nzima imecheka."

Akaangalia nje. Halafu akasema, "Nilishamwambia Furaha."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba iko na bandugu babili ku Mbarara. Nilimwambia tukibaleta, asibafukuze. Ni batoto. Hawakuomba kuzaliwa."

Nikainamia suruali yangu, nikaanza kubandua maganda ya matoke.

Zile siku zote nilifikiri anahesabu dhambi zangu. Kumbe anawaza watalala wapi. Anauliza moyo wake kama utaweza. Alikuwa amelia peke yake, akamaliza, akaenda kumtayarisha mtoto. Niliona aibu, wakuu, na sikuwa hata na kosa. Nililia kimya mle ndani ya gari na mboji yangu kwenye suruali, mtu aliyekaa jirani akafikiri ni harufu inaniumiza macho.

Tulipofika nyumbani Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefagia uwanja, amemuogesha Josué, na amepika ubwali, ugali wetu, mwingi kuliko wa siku zote. Akatupita, akaangalia barabara nyuma yetu.

"Papa," akasema, "bako wapi?"

Kumweleza mtoto wako kwamba ndugu zake hawapo kwa sababu baba hakuuliza maana ya neno, jaribuni siku moja. Alilia kwelikweli. Josué naye akalia, hajui kwa nini.

Funzo langu ni hili. Ukiwa ugenini watu wakakupa kiti, soda na jina, kunywa soda, lakini jina uliza maana yake kabla ya kuitikia. Hasa likiwa tamu. Mimi niliamini nchi nzima inaheshimu fagio langu.

La pili halihusu lugha. Nimelala na huyu mwanamke nyumba moja miaka yote hii, na zile siku mimi nikiogopa ataondoka, yeye alikuwa anapanga sahani za ziada.

Haya, uwanja ni wenu, nichekeni kwa zamu, msisukumane. Na wewe unayesoma kimyakimya kama nilivyokuwa mimi, neno gani lilikuponza ugenini? Andika hapo chini, usiniache peke yangu kwenye lundo.